Chumba Kidogo cha Kufulia: Fedha Ifuate Maji

Mtu wa Gombani anayetaka kuitengeneza upya sehemu yake ya kufulia, na fedha aliyonayo ni kidogo, kwa kawaida huanzia madukani Chake Chake, Pemba, kuulizia bei ya mashine. Mwongozo huu unakushauri uanzie uani, na ufuate njia ya maji. Maji huingia, hufua, hutoka, na yale yanayobaki kwenye nguo hukaushwa. Panga matumizi yako kwa mfuatano huo huo wa hatua nne, na mashine, ukiamua kuwa nayo, iwe ya mwisho. Mashine iliyowekwa mahali ambapo maji ni ya kubahatisha, sakafu haina mteremko na kamba iko wazi kwa mvua, huihamisha taabu bila ya kuipunguza. Kona iliyopangwa vizuri humrahisishia mfuaji kazi hata kama mashine haitakuja kamwe. Na ninaposema chumba, nakusudia kile ambacho nyumba zetu nyingi zinacho: kipembe cha uani chenye mita mbili kwa mbili hivi, kati ya jiko na bafu, chenye kuta mbili zilizokwisha kujengwa na pengine nusu ya paa. Kuta hizo mbili ni mtaji ambao hutaulipia tena.

Maji yanapoingia

Pemba iliunganishwa na gridi ya umeme ya Tanzania Bara mwaka 2010, kwa waya uliolazwa chini ya bahari kutoka Tanga. Kabla ya hapo kisiwa kilitegemea majenereta ya dizeli. Maendeleo hayo ni makubwa, lakini yana jambo ambalo mwenye kupanga chumba cha kufulia hana budi kulihesabu. Maji ya mfereji yanayoletwa na Mamlaka ya Maji Zanzibar, ZAWA, kwa sehemu kubwa huvutwa visimani kwa pampu za umeme. Umeme ukikatika kwa muda mrefu, mfereji nao hukauka. Mashine ya kujiendesha yenyewe inataka umeme na maji kwa wakati mmoja, na maji yenyewe yaje kwa nguvu. Mikono inataka maji tu, wala haijali yalikingwa lini. Kwa hiyo shilingi ya kwanza iende kwenye akiba ya maji, kwa sababu akiba ndiyo inayokuwezesha kuchagua mwenyewe siku ya kufua.

Akiba kiasi gani? Fanya hesabu ya nyumba yako. Tuseme mkupuo mmoja wa nguo unakula beseni moja la lita 20 la kufulia na mawili ya kusuuzia, jumla lita 60. Nyumba inayofua mikupuo mitatu kwa siku inahitaji lita 180, karibu sawa na pipa zima la lita 200. Pipa moja la plastiki lenye kifuniko, lililowahi kubeba chakula na kamwe si kemikali, linatosha siku moja ya kufua. Tangi la lita 500 linakupa siku mbili na kitu juu. Usisahau uzito: lita moja ya maji ni kilo moja, hivyo pipa lililojaa lina kilo 200 na tangi hilo lina nusu tani. Chombo cha namna hiyo hakikai juu ya meza ya mbao wala juu ya matofali yaliyopangwa bila ya saruji. Kijengee jukwaa la matofali lililojazwa kifusi na kufunikwa kwa zege, lenye kimo cha mita 1.2 au zaidi, ili mfereji wake uwe juu ya sinki na maji yashuke yenyewe bila ya pampu na bila ya kubeba ndoo.

Chanzo cha pili cha maji kimo juu ya kichwa chako. Pemba hupata zaidi ya milimita 1,500 za mvua kwa mwaka, nyingi zikianguka wakati wa masika, kuanzia Machi hadi Mei, na nyingine wakati wa vuli. Kila milimita moja ya mvua inayoanguka juu ya mita moja ya mraba ya bati huleta lita moja. Paa la mita tano kwa nne lina mita za mraba 20. Mvua moja ya milimita 30, ambayo masika si jambo la kushangaza, hulipa paa hilo lita 600, na hata ukipoteza moja ya tano kwa kumwagika utabaki na 480. Mlizamu wa mita tano na bomba la kuteremshia maji ni gharama ndogo ukilinganisha na faida hiyo. Maji ya mvua yana ubora mwingine unaoonekana moja kwa moja kwenye sabuni. Maji ya kisima yaliyopita katika mawe ya chokaa hubeba kalisi na magnesi; sabuni ya kipande huungana nazo ikafanya utando mweupe badala ya povu, na kanzu nyeupe ikafifia. Maji ya mvua ni laini, sabuni hutoa povu haraka, na kipande kilekile hudumu zaidi. Mwenye kupinga atasema kuwa mvua haina uhakika nje ya misimu. Ni kweli, na ndiyo maana haiwi chanzo cha pekee: hujaza pipa inapokuja, na mfereji hujaza pipa hilo hilo isipokuja. Acha maji ya dakika za mwanzo yapite, kwani hubeba vumbi na kinyesi cha ndege, na funika mdomo wa pipa kwa kipande cha chandarua ili mbu wasitage ndani.

Unaposimama

Beseni lililowekwa chini humlazimisha mfuaji ainame kwa saa nzima, mgongo ukibeba kiwiliwili pamoja na nguo zilizolowa. Dawa yake ni sinki la saruji lililoinuliwa, na kwa chumba kidogo ndicho kitu chenye faida kubwa kuliko vyote kwa gharama yake. Ndani liwe na urefu wa sentimita 50, upana 45 na kina 25. Likijaa huchukua lita 56, na likifika nusu, lita 28, linatosha mkupuo mmoja. Ubavuni mwake acha uwanda wa saruji wenye mifereji midogo, unaoinamia ndani, wa kusugulia kola na magoti ya suruali. Kimo usikiachie mazoea ya fundi. Msimamishe anayefua mara nyingi zaidi nyumbani, akunje mkono, kisha ukingo wa sinki uwe chini ya kiwiko chake kwa sentimita 10 hivi. Wapo wazee wanaopendelea kukaa kwenye kigoda, na hawana haja ya kubadilishwa: waachie nafasi ya beseni kando, juu ya sakafu hiyo hiyo inayotiririsha maji.

Sinki la namna hii lina faida nyingine kwa nyumba ya Kiislamu. Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi visiwani, maji machache yakiguswa na najisi hunajisika. Nguo ya mtoto yenye mkojo ikitumbukizwa ndani ya beseni, maji yote ya beseni huingia mashakani. Ikimiminiwa maji kutoka juu na maji yale yakaondoka, shaka huisha. Basi mfereji ukae juu ya sinki, si ubavuni, na tundu la chini liwe na kizibo kinachotoka kwa urahisi, ili kusuuza kuwe kwa maji yanayopita. Huongezi gharama yoyote kwa kulipanga jambo hili mapema.

Sakafu ndiyo sehemu ambayo watu huibania fedha, kisha hujuta. Ondoa udongo wa juu, shindilia kifusi, halafu mwaga zege la sehemu moja ya saruji, mbili za mchanga na nne za kokoto, unene wa sentimita 7 hadi 10. Usikubali mchanga wa pwani, hata ukiletewa bure: chumvi yake hula nondo, na ukuta hubaki na unyevu. Kila mita moja ya sakafu ishuke kwa sentimita mbili kuelekea kwenye tundu moja la kutolea maji, wala si kuelekea mlangoni. Fundi atataka kuimaliza kwa niru ing'ae, na wewe utashawishika kwa sababu hupendeza. Niru iache kwa ndani ya sinki, mahali ambapo ulaini wake hulinda nguo zisichanike. Sakafu ipitishwe ufagio mgumu kabla haijakauka ili ibaki na mikwaruzo, kwani niru pamoja na povu la sabuni huteleza vibaya. Hoja hiyo hiyo inaviondoa vigae vinavyong'aa, ambavyo pia hula sehemu kubwa ya fedha bila ya kumpunguzia mfuaji kazi yoyote. Baada ya kumwaga zege, lifunike kwa magunia yaliyolowa kwa siku saba. Zege linaloharakishwa kukauka kwa jua hupasuka.

Maji yanapotoka

Mtu anaweza kuuliza kuna ubaya gani maji ya sabuni yakimwagwa nyuma ya ukuta kama yamwagwavyo siku zote. Jibu lipo katika historia ya afya ya visiwa hivi. Mbu aina ya Culex, ambaye ndiye aliyekuwa akieneza matende na mabusha Unguja na Pemba, huzaliana hasa katika maji machafu yaliyotuama: mashimo ya vyoo, makaro na madimbwi ya nyuma ya nyumba. Mwishoni mwa miaka ya 1980, huko Makunduchi, Unguja, wataalamu walimwaga chembe za polistirini zinazoelea ndani ya vyoo vya shimo vyenye maji. Chembe hizo zilifunika uso wa maji, viluwiluwi vikakosa hewa, na mbu wakapungua sana. Funzo lake kwa mwenye nyumba ni kwamba maji machafu yasiyo na uso ulio wazi hayazalishi mbu. Shimo la kunyonyea maji lililojazwa mawe na kufunikwa linafanya kazi hiyo hiyo bila ya utaalamu wowote.

Kuna pia kichocho, ugonjwa ambao Pemba imepambana nao kwa miongo mingi. Vijidudu vyake hutoka kwa konokono wa maji baridi na kupenya ngozi ya mtu aliyesimama mtoni au bwawani, naye anayefua hapo husimama kwa muda mrefu. Katika utafiti mkubwa uliofanywa Unguja na Pemba kuanzia mwaka 2011 hadi 2017, ambao Maabara ya Afya ya Jamii ya Ivo de Carneri iliyoko Wawi ilishiriki, njia kadhaa zilijaribiwa pamoja na dawa, na miongoni mwa vitu vilivyobuniwa pamoja na wanavijiji ni majukwaa ya kufulia yaliyo mbali na maji ya hatari. Ukweli ni kwamba mwishoni njia hizo za ziada hazikuonyesha ushindi mkubwa juu ya dawa peke yake. Lakini hilo halilivunji wazo la kufulia nyumbani. Linaonyesha tu kwamba jengo peke yake halitoshi. Jukwaa zuri lisilo na maji ya uhakika halimzuii mtu kurudi mtoni, na ndiyo maana mwongozo huu ulianza na pipa kabla ya sinki.

Kwa vitendo, toa maji kwa bomba la plastiki la inchi mbili, lenye kichujio mdomoni cha kuzuia nyuzi na vifungo, hadi kwenye shimo lenye upana na kina cha mita moja lililojazwa mawe. Lijenge mbali na msingi wa nyumba, na mbali zaidi na kisima: mita 30 ni kiasi cha kulenga, hasa penye mawe ya chokaa yenye nyufa, ambayo hupitisha uchafu upesi. Ukiwa na migomba, maji ya kusuuzia yanaweza kuelekezwa huko kwa zamu, leo shina hili na kesho lile, ili chumvi ya sabuni isirundikane mahali pamoja. Usiyapeleke kwenye mchicha wala mboga nyingine za majani. Siku unayotumia dawa ya kung'arisha nguo nyeupe, maji yake yote yaende shimoni, na dawa hiyo usiichanganye kamwe na dawa ya kusafishia choo, kwani mchanganyiko huo unaweza kutoa hewa ya sumu.

Nguo zinapokauka

Jua letu ni kali, na wengi huona paa la kuanikia ni anasa. Lakini wakati wa masika mvua hurudi mara kadhaa kwa siku, na nguo zilizoanuliwa nusu kavu huanza kunuka uvundo kabla ya jioni. Kinachokausha nguo ni hewa kavu inayopita, jua huharakisha tu. Kwa hiyo funika nusu ya chumba kwa bati, weka karatasi moja ya plastiki inayopitisha mwanga, na acha sehemu ya juu ya kuta mbili zinazokabiliana iwe wazi ili upepo upenye. Kusi hutoka kusini na kaskazi hutoka kaskazini mashariki, basi ukiacha uwazi pande hizo mbili utavuna pepo zote za mwaka. Buibui nyeusi na kanga zikauke humo kivulini, maana jua kali hupausha rangi. Nepi, mashuka na taulo ziende kwenye kamba ya nje, kwani zenyewe zinafaidika na jua. Kamba iwe ya nailoni. Waya wa chuma katika hewa ya bahari hushika kutu, na doa la kutu kwenye kanzu nyeupe halitoki kwa sabuni. Wakati wa msimu wa karafuu, uwanja utakapofunikwa kwa majamvi ya kuanikia karafuu, kamba hizo za ndani zitakuwa ndizo pekee ulizonazo, kwa hiyo pima urefu wake kwa hali hiyo.

Hoja za wanaosema vingine

Hoja yenye nguvu zaidi ni ile inayosema kwamba mashine huokoa muda, na muda wa mwanamke anayefanya kazi nje ya nyumba una thamani. Siipingi hoja hiyo. Napinga mpangilio wake. Mashine nyingi za kujiendesha zenyewe hutaka maji yenye msukumo wa karibu nusu ba, na mita kumi za kimo ndizo zinazotoa ba moja. Kwa hiyo tangi linapaswa kuwa juu ya mashine kwa mita tano hivi, au ununue pampu. Mnara wa mita tano wa kubebea nusu tani si kazi ya fedha kidogo. Tena mashine inayochemsha maji kwa wati 2,000 humaliza uniti mbili kwa kila saa ya kuchemsha, na mita ya umeme ya TUKUZA haifichi kitu. Ukihitaji mashine, chagua ile yenye vyungu viwili, kimoja cha kufulia na kimoja cha kukamulia: hujazwa kwa ndoo au kwa mpira kutoka pipani, haichemshi maji, na hata umeme ukikatika katikati nguo hazifungiwi ndani. Soketi yake iwe juu ya mita 1.2 kutoka sakafuni, mbali na sinki, yenye waya wa ardhi na swichi inayokata umeme unapovuja. Kazi hiyo ifanywe na fundi umeme anayetambulika, kwa sababu chumba hiki kina maji na miguu mitupu.

Hoja ya pili ni ya mpangaji: kwa nini ajenge katika nyumba ya mtu? Asijenge, bali afuate mfuatano ule ule kwa vitu vinavyohamishika. Pipa lenye mfereji juu ya matofali imara, meza nzito ya mbao yenye kimo cha sinki ya kuwekea beseni, mpira wa kutolea maji hadi kwenye mtaro, na kamba za ndoana. Sakafu ikiwa haina mteremko, azungumze na mwenye nyumba ili gharama ya kuirekebisha ikatwe kwenye kodi, na makubaliano yaandikwe kabla fundi hajaanza.

Hoja ya tatu husemwa zaidi kuliko kuandikwa: kufua kumekuwa kukifanywa chini miaka yote, basi kwa nini kutumiliwe fedha? Inahesabu fedha na kuusahau mgongo. Kazi isiyolipwa ina gharama, ila hulipwa na mtu mmoja kimyakimya. Sinki la kusimamia halimchagui mtumiaji: kijana anayerudi kutoka mazoezini uwanja wa Gombani anaweza kuisuuza jezi yake mwenyewe kwa dakika chache, bila ya kuandaa mabeseni matatu.

Kugawa fedha

Gawa kazi katika mafungu matatu, na usianze fungu la pili kabla la kwanza halijakamilika. La kwanza ni sakafu, bomba la kutolea maji na shimo lake. La pili ni jukwaa, pipa, mfereji, sinki na mlizamu. La tatu ni bati, kamba na rangi, kisha, kama ipo haja, mashine. Utaona kwamba mafungu hayafuati kamili njia ya maji: kutoka kumetangulia kuingia, kwa sababu bomba hulazwa chini kabla ya zege kumwagwa. Nunua vifaa mwenyewe na mlipe fundi kwa kazi, nusu baada ya zege na nusu baada ya wewe kumwaga ndoo ya maji sakafuni na kuyaona yote yametoka bila ya kusukumwa kwa ufagio. Fedha ikipungua njiani, punguza kuanzia mwisho: acha rangi, acha karatasi ya plastiki, nunua pipa dogo. Vyote hivyo vinaweza kuongezwa mwaka ujao. Mteremko wa sakafu hauongezi gharama siku ya kumwaga zege, na ukikosewa, hakuna njia ya kuurudisha ila kuvunja.